Etymonline: kamusi iliyonifanya niyashike maneno ya Kiingereza

Naipendekeza kwa yeyote anayekariri maana za maneno ya Kiingereza halafu zinampotea. Etymonline ni kamusi ya mtandaoni iliyoanzishwa na Mmarekani Douglas Harper. Inaeleza neno lilitoka lugha gani na maana yake ilivyobadilika njiani. Kuitumia kwenye tovuti ni bure.

Chukua "candidate", mgombea. Ukilitafuta, unapelekwa kwenye Kilatini, "candidatus", aliyevaa nyeupe, kwa sababu Warumi wa kale waliowania vyeo walivaa toga zilizong'arishwa kwa chaki. Sasa bonyeza mzizi wake, wenye maana ya kung'aa. Hapo ndipo utamu ulipo! Unamkuta "candle", mshumaa. Unakuta "incandescent", yaani chenye kuwaka kwa joto kali. Hata "candid", msema kweli asiyeficha jambo, ni wa ukoo huohuo. Nilikwenda kutafuta neno moja nikatoka na manne, na hayajanitoka mpaka leo, maana yote yameshikana.

Kinachonivutia zaidi ni miaka. Karibu na kila neno umewekwa mwaka au karne ya maandishi ya zamani zaidi yanayojulikana kulitumia kwa maana hiyo. Angalia "nice": mwishoni mwa karne ya 13 lilimaanisha mjinga, kutoka Kilatini "nescius", asiyejua. Maana ya kupendeza ilikuja karne ya 18. Anayesoma maandishi ya kale ya Kiingereza bila kujua hili atadhani mtu anasifiwa kumbe anatukanwa.

Matamshi na sentensi za mfano nazitafuta kwenye kamusi ya kawaida, kwa hiyo huwa nafungua zote mbili. Maelezo yenyewe yako kwa Kiingereza kizito chenye vifupisho vingi, basi anayeanza kabisa asubiri kidogo. Pia usichukue asili ya neno ukaifanya maana yake ya leo. Mgombea wa sasa anavaa rangi yoyote aitakayo.

Ukitaka kuijaribu, anza na "safari". Utaona Waingereza walilichukua kwenye Kiswahili katika karne ya 19, nasi tulikuwa tumelipata kwa Waarabu.