Uzi unaojipiga mistari: unafaa poncho?

Uzi huu wa akriliki, uliotiwa rangi zinazopokezana ili mistari ijitokeze yenyewe unapofuma, bonge la gramu 100, unauzwa maduka ya nyuzi mjini Malindi, na kwa poncho (vazi pana la kuvaa kupitia kichwani) ya jioni za kusi ni mzuri kweli. Mtu mzima anahitaji mabonge manne hivi; nunua matano ya bechi moja, yaani yaliyotiwa rangi pamoja. Lebo inasema sindano ya krosheti ya milimita 4. Tumia ya 5, kitambaa kianguke vizuri begani.

Tatizo ni mistari. Ukianzia shingoni, kila mzunguko unakuwa mrefu kuliko uliopita, hivyo mistari inazidi kuwa myembamba kuelekea chini. Afadhali ufume mistatili miwili, sentimita 45 kwa 75, kisha ushone upande mfupi wa kila mmoja kwenye upande mrefu wa mwenzake. Mistari itabaki sawasawa.

Bonge likiisha, vuta jipya mpaka ufikie rangi uliyoishia ndipo uunge. Angalia pia mafundo ya kiwandani: baada ya fundo rangi huweza kuruka, zambarau ikakutana na manjano ghafla. Kata hapo, utafute rangi inayofuata.

Poncho usiiguse kwa pasi ya moto kabisa. Akriliki ikishalegea hairudi.