Uzoefu wangu na African Storybook kwa mtoto mpenda maneno

Binti yangu ana miaka minane, na mchezo wake ni maneno. Akiokota neno jipya sokoni, atalitumia kutwa, hata pasipofaa. Hujitungia vitendawili na hununa ukipatia jibu upesi. Hesabu bado hazijamkaa, lakini sioni kwa nini hilo limnyime anachokipenda.

Shangazi yake, ambaye ni mwalimu, ndiye aliyetuonyesha African Storybook, maktaba ya mtandaoni ya shirika la Saide la Afrika Kusini. Hadithi zake ni za bure, zina picha, na zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia maneno ya kwanza hadi zile za kumsomea mtoto kwa sauti. Leseni yake ni huria: unapakua, unachapisha, unatafsiri.

Kilichonivuta hasa ni kupata hadithi ileile kwa Kiswahili na kwa Lubukusu, lugha ya Wabukusu wa magharibi mwa Kenya. Tunaishi Nakuru, na Lubukusu ya binti yangu ilikuwa ya salamu tu. Siku hizi husoma ya Kiswahili kwanza, halafu akafungua ya pili na kulinganisha sentensi kwa sentensi, akisaka fisi ni lipi na kukimbia ni lipi. Akikwama humpigia kukhu wake, yaani nyanya yake, kule Bungoma. Simu hizo huwa ndefu! Swali la neno moja huzaa hadithi nzima ambayo haimo katika tovuti yoyote, na mimi nasikiliza nikiwa jikoni.

Kuna pia sehemu ya kutunga. Ukishajisajili, unachagua picha zilizomo na kuziandikia maneno yako. Hapo ndipo nilipomwona akifuta sentensi na kuiandika upya bila kuambiwa na mtu. Mimi hukaa kando, wala tahajia siigusi mpaka amalize, maana ukimkatiza kwa sababu ya herufi moja, wazo humtoka. Kitabu chake cha kwanza tulikichapisha saiba, kwenye duka la intaneti, tukakibana kwa stepla, akawasomea wadogo zake.

Mzazi, jisajili kwa barua pepe yako mwenyewe, na jina kamili la mtoto lisitokee kwenye jalada. Na umsomee kwa sauti hata kama anajua kusoma. Mtoto wa namna hii hunasa lugha kwa masikio.

Tovuti hii imelengwa kwa wanaoanza kusoma, kwa hiyo vitabu virefu tunaviazima maktaba. Kutunga, bado anatungia hapo hapo.