Kijitabu cha istilahi za ushairi: mizani imefunzwa vyema, maana imeachwa nyuma

Kwa majuma matatu nimekuwa nikisoma kijitabu cha istilahi za ushairi kilichoandikwa kwa ajili ya msomaji anayeyapenda mashairi lakini hajui aanzie wapi kuyachambua, na niseme mapema kwamba sura yake ya mizani peke yake inatosha kukifanya kistahili kusomwa.

Mara nyingi msomaji huambiwa kwamba mizani ni idadi ya silabi katika mshororo, yaani mstari wa shairi, kisha somo likahamia kwingine, kana kwamba kila mtu anajua silabi inapoanzia na inapoishia. Kijitabu hiki hakilikwepi tatizo hilo. Kinaeleza kwa subira kwamba m ya "mtoto" ni silabi kamili, ilhali m ya "mbuzi" hutamkwa pamoja na b na haihesabiwi peke yake. Ili nijipime, nilitunga mshororo wangu mwenyewe: "Mtoto wangu sikiza, nikuambie ya kweli." Kila kipande kilinipa silabi 8, ukwapi, yaani kipande cha kwanza, ukaishia kwa kina cha "za" na utao, kipande cha pili, kwa kina cha "li". Nilipoandika "nikwambie", kama wengi wetu tunavyotamka, utao ulibaki na silabi 7 na mshororo ukachechemea. Hapo ndipo inkisari na mazida zilipoacha kuwa majina ya kukariri: mshairi anayefupisha neno au kulirefusha anatafuta urari wa mizani, na uhuru huo una mpaka wake, kwa sababu neno likikatwa hata msikilizaji asilitambue, hasara huwa kubwa kuliko faida.

Maelezo ya ubeti ni mafupi na yanaeleweka, isipokuwa kosa moja ambalo lingepaswa kurekebishwa. Kibwagizo na kiishio vimetajwa kama visawe. Kibwagizo ni mshororo wa mwisho unaorudiwa katika kila ubeti. Kiishio hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa mshairi anayerudia kauli ileile mara kumi anataka ituingie moyoni, na kila ubeti mpya huipa kauli hiyo sababu nyingine ya kusemwa.

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika sura ya tamathali za usemi. Fasili zenyewe hazina kasoro: tashbihi hulinganisha kwa kutumia maneno kama "mithili ya" na "kama", nayo sitiari huondoa kiungo hicho na kusema kwamba kitu kimoja ndicho kingine. Tatizo ni mazoezi. Msomaji anaulizwa ataje tamathali iliyotumika, na akishaitaja, swali limekwisha. Haulizwi kwa nini mshairi aliitumia pale, wala shairi lingepoteza nini kama isingekuwepo. Takriri, yaani urudiaji wa neno au kauli, katika ombolezo huonyesha ulimi uliokwama penye uchungu. Takriri hiyohiyo katika wimbo wa kumbembeleza mtoto humtuliza hadi alale. Jina ni moja, kazi ni mbili, na kazi ndiyo tunayoitafuta tunaposoma. Nashukuru, hata hivyo, kwamba mwandishi ametenga ukurasa mzima kwa nafsineni, yaani sauti inayozungumza ndani ya shairi, na kuonya kwamba "mimi" wa shairini si lazima awe mtunzi.

Mashairi huru, yaani yasiyofungwa na vina na mizani, yamepewa kurasa mbili tu, na hilo limenisikitisha. Tangu mshairi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake ya mashairi huru, "Kichomi", mwaka 1974, msomaji wa ushairi wa Kiswahili hawezi kujitosheleza kwa vina na mizani pekee. Akilifikia shairi lisilo na urari wa vina atadhani hakuna cha kuchunguza, ilhali alipaswa kuelekezwa atazame mstari umekatwa wapi, neno gani limeachwa likining'inia mwishoni, na jinsi mistari mishata inavyomlazimisha kushuka kabla hajapata maana kamili.

Nakipendekeza kwa anayeanza, hasa mwanafunzi wa sekondari, mradi awe na diwani yoyote pembeni ya kufanyia majaribio, na sura ya mizani aisome kwa sauti, kidole kikigonga meza kwa kila silabi.