TAHADHARI: Fundi wa maboksi ya sabufa kaniachia vigae vya chooni, sabufa zangu kaondoka nazo

Wadau naandika hii nina hasira kwa hiyo mkiona narukaruka mnivumilie. Wiki nzima nimekaa kimya kwa sababu ya aibu tu, mpaka leo wife anajua zile sabufa ziko kwa fundi zinafanyiwa marekebisho madogo, ila jana usiku kuna kitu nimekiona kwenye simu ya binamu yangu nikashindwa kulala, nitakieleza huko chini.

Pikapu yangu ni Hilux dabo kebini, na nilikuwa nataka mziki uwe tayari kabla ya safari ya Moro. Sabufa zililetwa na shemeji kutoka Dubai, inchi 10 mbili, zile nyembamba za kukaa nyuma ya siti, dirham 900 zote mbili, kazifungia kwenye begi katikati ya nguo za watoto. Koili (ule waya uliozungushwa ndani unaosukuma koni) mbili mbili, maana yake kila sabufa ina sehemu nne za kufunga waya. Shikeni hiyo nne. Na moja ina mkwaruzo wa bisibisi kwenye ukingo, mkwaruzo niliuweka mimi mwenyewe siku ya kwanza kwa kiherehere cha kufungua boksi lake, umekaa kama herufi V iliyolala. Shikeni na huo.

Sasa msianze na yale ya "ulimtoa wapi fundi wa mtandaoni". Sikumwokota barabarani. Nilienda kwake mara tatu kabla sijatoa hata mia. Ana banda, ana bango, ana vijana wawili wenye ovaroli, kuna magari yanaingia na kutoka. Siku ya kwanza nimefika hata hakuniuliza bei ninayotaka, kaniambia tu, "Bosi wangu, ingia kwanza humu." Pikapu ya mteja, Hilux kama yangu. Akafunga milango, akapandisha vioo, akaweka mziki. Jamani. Kioo cha kutazamia nyuma kilitetemeka mpaka kila kitu huko nyuma kikawa ukungu, chupa yangu ya maji pale kwenye kishikio ikawa inachora viduara kama mvua inaanguka ndani. Nikahisi kifuani, siyo masikioni, kifuani. Halafu akazima ghafla. Kimya. Akanitazama akasema, "Hapo nusu sijafika."

Nani hapo hatoi hela? Niambieni.

Halafu jamaa anajua kuongea kazi, na hapo ndo aliponimaliza. Akachukua penseli akaanza kunichorea juu ya kipande cha plaiwudi. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta, kwa hiyo bila boksi mbele na nyuma zinauana, unabaki na makelele bila besi. Boksi ndo linazitenganisha. Na boksi siyo sanduku, boksi ni hesabu. Akaomba karatasi ya sabufa zangu, akaisoma, akasema hizi zinataka lita 14 kila moja, boksi la kuziba, hewa isitoke hata ya tundu la sindano, vyumba viwili kila sabufa na chumba chake, na mbao iwe MDF ya milimita 18. "Chipubodi sigusi bosi, chipubodi ya makabati ya jikoni ile, ikinusa maji inavimba kama andazi." Akatoa futi akapima nyuma ya siti yangu, upana, urefu, kina cha juu na kina cha chini maana pale pamelala mshazari, akaandika kila namba. Mimi nimesimama natikisa kichwa kama mwanafunzi wa mbele.

Na yote aliyosema ni kweli! Ndo kinachoniuma. Nimeuliza watu wanaojua baadaye, kila neno la yule mwizi lilikuwa sahihi. Alinifundisha namna ya kumkamata halafu akaniibia hivyo hivyo.

Bei akasema laki tano na arobaini, boksi, waya na ufundi. Nikalia lia. Akasema nikuondolee hiyo arobaini ila risiti ya mashine tusikate. Nikakubali. Haya, nimesema, nichekeni. Nikatoa advansi laki tatu na nusu kwa M-Pesa, jina lililokuja ni la mwanamke, kabla sijauliza kashasema "ya mama watoto hiyo, ya kwangu imejaa". Nikacheka. Sijui nilicheka nini.

Na sabufa nikamwachia. Kwamba akate matundu kwa kuzipimia. Nikawaza kidogo, nikajiambia huyu ana banda, ataenda wapi na banda?

Siku nne zikawa kumi na moja, zile sababu zao mnazijua, mbao imepanda, kijana kafiwa, umeme. Mwishowe Ijumaa inaingia magharibi ananipigia, njoo uchukue gari lako usiku huu huu maana kesho nasafiri. Sasa nisikilizeni vizuri hapa, nairudia hii picha kila nikilala.

Nimefika giza limeshaingia na umeme kwake hakuna. Anamulika kwa tochi ya simu. Boksi liko juu ya meza, limevaa kapeti nyeusi, limenyooka, grili mbili za chuma zimeshafungwa kwa bolti juu ya sabufa. Zuri. Ananiambia, "Linyanyue kwanza bosi." Nikalinyanyua. Zito! Mgongo ukalia. Akasema, "MDF hiyo, uzito haudanganyi." Nikamgeukia kijana wake nikamwambia eti hapa kweli kuna kazi. Mimi nilisema hivyo, kwa mdomo wangu. Yule kijana akaangalia chini. Nilidhani ni adabu.

Wakalipachika, siti ikagoma kurudi, wakaisukuma wawili ikaingia. Nikawasha. Mziki ukatoka, kawaida tu, upo ila haunigusi kifuani. Nikataka kupandisha, akanishika mkono. Kanishika mkono wadau! "Bosi, sabufa mpya lazima zilainike kwanza. Wiki mbili usivuke volyumu 12, ukivuka unaua koili. Zikilainika utanikumbuka." Nikamuuliza na gerentii? "Wiki mbili." Nikamwambia sawa fundi. Wiki mbili usisikie, wiki mbili gerentii, yaani siku ya kusikia ndo siku gerentii inakufa, na mimi nikasema SAWA FUNDI. Nikatuma laki na nusu iliyobaki pale pale kwenye giza. Akanipa na zawadi, kile kidude cha kunukia cha kuning'iniza kioo cha mbele. Nimekaa na kile kidude siku kumi na sita, kila asubuhi kinanukia limau.

Siku ya kumi na sita niko Mlandizi usiku, tairi ya nyuma ikaisha upepo. Kwangu jeki inakaa nyuma ya siti. Mbele ya jeki kuna boksi. Kwa hiyo nikawa pembeni ya barabara ya Moro, malori yanapita yananitikisa, nafungua boksi la sabufa ili nipate jeki. Likaniponyoka, kona moja ikagonga lami. Ikamomonyoka kama biskuti. Chipubodi! Na kwenye lile tundu kikadondoka kipande cha kigae. Kigae cha ukutani, cheupe kina maua ya bluu, kile cha chooni. Ndani vimegundishwa vingine sita. Ndo uzito usiodanganya huo.

Kesho yake nikalipeleka Keko kwa seremala anayenitengenezea vitu siku zote, akalifungua kwa nyundo ya kung'olea. Hakuna ukuta wa kati, vyumba viwili havipo. Silikoni hakuna hata tone kwenye maungio, limeshikwa na pini za kochi na skrubu nane, hewa inatokea kila kona, ndo maana nilikuwa nasikia linapumua nikidhani ni mlango. Tukapima ndani upande mmoja, 40 kwa 25 kwa 8, gawa kwa elfu moja unapata lita 8, bado hujatoa vigae. Aliniahidi 14.

Tukafungua grili. Sabufa zina stika ile ile ya kwangu, sura ile ile. Nikageuza nyuma. Sehemu za kufunga waya ziko mbili. MBILI. Zangu zilikuwa nne. Ile sumaku kubwa ya nyuma ni kofia ya plastiki, ukiivuta inatoka, ndani kuna kasumaku kama kifuniko cha soda. Mkwaruzo hakuna. Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao, seremala akaniletea maji.

Bado waya. Aliniuzia eti waya wa shaba tupu. Nikaukwangua kwa kisu, ndani mweupe, aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, nyepesi kama kamba. Na ule waya mkubwa unaotoka betri mpaka kwenye ampi, ile mashine ya kuongeza nguvu ya mziki, HAUNA FYUZI. Umepitishwa kwenye tundu la bati bila hata mpira, bati linaukereza kila gari likitikisika. Fyuzi inatakiwa iwe pale pale karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi, ili waya ukichubuka ikate yenyewe. Hapo isingekata kitu, betri ingeendelea kumwaga moto mpaka gari liungue. Watoto wangu wanakaa siti ya nyuma. Hela nitaitafuta, lakini hili? Hili si wizi tena, huyu anatakiwa alale ndani, na akitoka wamfunge tena. Mtu wa hivi anatakiwa apewe kile kigae atembee nacho shingoni kutoka Ubungo mpaka Posta.

Nimempigia, ikaita ikakata, baadaye haipatikani kabisa, kumbe kaniblock. Nimeenda bandani, limefungwa, bango limeshushwa. Mama wa chakula wa jirani akaniuliza, "Na wewe ni boksi?" Nikasema ndiyo. Akasema wewe wa nne mwezi huu, mmoja alikuja na askari hakumkuta. RB, namba ya taarifa ya polisi, nimeshachukua. Na FCC (Tume ya Ushindani) nitaenda maana zile stika feki si mchezo, kama alinibandikia mimi kawabandikia na wengine.

Mtakaoniuliza inbox dalili zilikuwa zipi, jamani mimi mwenyewe ndo naziona sasa. Jina la kwenye muamala siyo lake. Risiti, tumeongea. Kukabidhi gari usiku. Kukataza kupandisha sauti, na hii nimeulizia, kulainika kupo ila hakufanyi sabufa nzima isisikike, mtu asikudanganye. Kukataa usione boksi kabla ya kapeti. Msiache spika zenu kwa mtu bila kupiga picha mgongoni, namba na kila kitu. Na boksi la kuziba unaweza kulijaribu hapo hapo, unasukuma koni taratibu kwa vidole halafu unaachia, ikirudi polepole hewa haivuji, ikirudi pap kama mlango wa daladala ujue kuna tundu. Ila mimi ningejaribuje na grili imeshapigwa bolti? Alijua! Alipiga zile bolti makusudi, yule ni shetani mwenye futi. Na yule kijana aliyeangalia chini, wewe dogo kama unasoma hapa, ulijua, naomba unitafute, sikufanyi kitu, niambie tu yuko wapi.

Jina sitaandika hapa kwa sababu ya RB, nimeambiwa nisiharibu. Ukitaka kujua kama ndo yeye, ni yule mwenye penseli sikioni anayekuambia "hapo nusu sijafika".

Sasa la jana. Binamu yangu ana namba ya zamani ya yule fundi, na yeye hajamblock. Saa nne usiku ananionyesha stetasi. Picha ya sabufa mbili juu ya kipande cha plaiwudi, kaandika "Mzigo wa Dubai, inchi 10 nyembamba, koili mbili, laki nne na nusu zote, wahi." Nikavuta picha. Ya kushoto, kwenye ukingo upande wa juu, V iliyolala.

Hata ile plaiwudi naijua, bado ina hesabu za penseli za siti yangu.

Kwa hiyo yeyote atakayeletewa hizo sabufa, Dar, Moro, popote, usimpigie kelele. Jifanye unataka, mwambie alete mwenyewe uzione mchana, halafu nipigie mimi kabla hajafika. Namba yangu mnayo.