Kamera ndogo au DSLR? Ipi ununue ukitaka picha safi Nyanda za Juu Kusini

Saa nne asubuhi pale Kitulo, jua likiwa limetoka na ISO (kiwango cha kamera kukuza mwanga) iko 100, karibu kila kamera inapiga picha nzuri. Ichapishe kwa ukubwa wa A4 uone: ya kamera ndogo na ya DSLR (kamera kubwa yenye kioo ndani na lenzi inayobadilishwa) utapata tabu kuzitofautisha. A4 yenyewe inataka megapikseli kama 9 tu. Kwa hiyo muuzaji akikusifia 24 dhidi ya 20, msikilize, kisha muulize maswali mawili: sensa (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) ina ukubwa gani, na lenzi inafunguka hadi namba f ngapi? Namba f ikiwa ndogo, lenzi inapitisha mwanga mwingi.

Majibu yake utayaona usiku, kwenye ukumbi wa sendofu Uyole au Mafinga, taa zikiwa hafifu na bibi harusi hatulii.

Kamera ndogo nyingi za bei nafuu zina sensa ya milimita 6.2 kwa 4.6, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Zile ndogo za daraja la juu zina sensa iitwayo ya inchi moja, ingawa kipimo chake halisi ni milimita 13.2 kwa 8.8. DSLR ya kawaida ya Canon ina 22.3 kwa 14.9, na ya Nikon inaizidi kidogo. Yaani eneo la sensa ya DSLR ni karibu mara 12 ya ile ya kwanza na karibu mara 3 ya ile ya pili. Sensa kubwa inakusanya mwanga mwingi. Mwanga ukiwa haba, kamera inaukuza kwa kupandisha ISO, na chenga, yaani vidoa vidogo kwenye picha, zinaanzia hapo.

Nafasi ya kwanza: DSLR iliyotumika pamoja na lenzi ya 50mm f/1.8. Canon 700D au 200D, Nikon D5300 au D3500, yoyote kati ya hizi inatosha kabisa. Siku hizi Canon na Nikon zimehamishia nguvu kwenye kamera zisizo na kioo, ndiyo maana DSLR zilizotumika ni nyingi. Kosa kubwa la wanunuzi ni kumaliza hela yote kwenye bodi, yaani kamera bila lenzi, na kubaki na lenzi ya 18-55 inayokuja nayo. Ukiivuta lenzi hiyo hadi mwisho, inaishia f/5.6. Tuseme uko ukumbini, kasi ni 1/125 ya sekunde, na kamera inadai ISO 6400. Weka 50mm f/1.8, kasi ileile na taa zilezile, ISO inashuka hadi kama 640. Suti nyeusi inabaki nyeusi, haina vidoa vyekundu na vya bluu, na nakshi za kitenge zinasomeka.

Ila f/1.8 inataka umakini. Ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, eneo linalotoka kali ni kama sentimita 6 tu, basi lenga jicho. Watu wawili wakisimama mmoja nyuma kidogo ya mwenzake, funga hadi f/4. Picha ya ukoo mzima itakulazimu urudi nyuma sana; hapo rudisha 18-55 na uwashe flashi. Kwa Nikon, kumbuka D3500 na D5300 hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Dai lenzi iliyoandikwa AF-S; ukichukua AF-D ya zamani, utazungusha fokasi kwa mkono.

Nafasi ya pili: kamera ndogo ya sensa ya inchi moja, kama Sony RX100 au Canon G7 X Mark II. Lenzi zake zinafunguka hadi f/1.8 zikiwa hazijavutwa, wakati 18-55 ya DSLR inaanzia f/3.5. Tofauti hiyo ya mwanga ni karibu mara 4, kwa hiyo inafuta faida ya sensa kubwa. Kwa maneno mengine, DSLR yenye lenzi ya kwenye boksi haiishindi kamera hii gizani. Anayepanda Rungwe au kwenda Ziwa Ngozi kwa miguu achukue hii bila wasiwasi. Udhaifu wake ni lenzi inayotoka na kuingia: vumbi la barabara ya Ruaha linaikwamisha, na likifika kwenye sensa, kulitoa ni mpaka fundi aifungue.

Nafasi ya tatu: DSLR ya sensa kamili (kubwa kama filamu ya 35mm), Canon 6D au Nikon D750. Picha zake ni bora kuliko zote hapa, lakini lenzi zinazoitosha ni nzito na ghali. Inunue kama picha zinakulipa.

Ya mwisho: kamera ndogo ya zumu ndefu, kama Canon SX740. Simba aliye ng'ambo ya mto Ruaha mchana utamvuta vizuri. Jioni lenzi iko f/6.9 na sensa ni ile ndogo; manyoya yanageuka uji.

Ukinunua iliyotumika, weka f/22 na upige ukuta mweupe: madoa yanayobaki palepale kila picha ni vumbi kwenye sensa, linasafishika. Mulika tochi kupitia lenzi. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, ni kuvu, iache. Tukuyu na mvua zake kuvu huota haraka, basi usihifadhi kamera kwenye begi lenye unyevu. Nikon huandika idadi ya shata, yaani kamera imepiga mara ngapi, ndani ya faili la picha, lakini omba faili lenyewe, maana picha iliyotumwa kawaida kwa WhatsApp inakuwa imefutwa taarifa hizo. Kwa Canon nyingi itabidi uiunganishe na kompyuta yenye programu maalumu.

Na ukitoka kwenye baridi ya Makete ukaingia sebule yenye jiko la mkaa, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa, isije ikashika umande kwenye lenzi.