Diski Tatu, Kalamu Moja: Nimemtazama Gerald Scarfe kwenye Skrini

Haya, karibuni tena. Waliozoea chaneli hii wanajua hapa tunachambua runinga, spika, na simu zikibaki pesa. Leo mezani nina diski tatu za DVD za mtumba. Hii ni Yes Minister, vichekesho vya BBC. Hii ni Pink Floyd – The Wall, filamu ya 1982 ya bendi ya roki ya Uingereza. Na hii, msishangae, ni Hercules ya Disney. Aliyeniuzia aliniuliza kama nanunulia familia nzima, kila mtu na yake.

Hapana. Nimezinunua kwa sababu ya mtu mmoja, Gerald Scarfe, mchora katuni wa Uingereza, ambaye mkono wake umepita kwenye zote tatu. Kwa hiyo leo sipimi filamu. Napima kalamu yake: ikitoka gazetini ikaingia kwenye skrini, ikapita mikononi mwa watu wengine, inabaki na makali kiasi gani?

Tuanze na kalamu yenyewe. Scarfe alizaliwa London mwaka 1936, akakulia kwenye pumu, mtoto wa kulala kitandani akichora. Alichorea majarida ya vichekesho na kejeli, Punch na Private Eye, kisha kuanzia 1967 gazeti la Sunday Times, alikokaa karibu miaka hamsini. Mwaka 1964 gazeti la The Times lilimtuma bungeni amchore Winston Churchill, waziri mkuu wa zamani, ambaye alikuwa analiaga bunge. Akamchora alivyomwona: mzee aliyechoka, mwili umemwisha nguvu. Gazeti likakataa kuichapa. Picha ile ikaja kutokea kwenye jalada la Private Eye.

Mistari yake ni ya wino, ya haraka, inakwaruza. Pua zinavutwa hadi zinakuwa midomo ya ndege. Na hili si neno langu peke yangu: kuna fuvu la mjusi arukaye wa zama za dinosaria, lilitoka pwani ya Dorset, refu lenye ncha kali. Wanasayansi walipolitangaza mwaka 2013 walilipa jina Cuspicephalus scarfi, kwa heshima yake. Yaani walitazama mfupa ule wakaona katuni ya Scarfe.

Sasa diski ya kwanza. Yes Minister ilianza 1980, ikaendelea hadi 1984, kisha ikawa Yes, Prime Minister, 1986 hadi 1988. Ni habari ya waziri, Jim Hacker, na katibu mkuu wa wizara, Sir Humphrey, ambaye kazi yake ni kuhakikisha waziri anaamua kile ambacho wizara ilishakiamua. Ukifanya kazi wizarani, itazame ukiwa nyumbani. Kazi ya Scarfe humo ni utangulizi tu. Muziki unagonga kama saa ya Big Ben, na mstari unaanza kutembea wenyewe kwenye skrini, unapinda, unarudi, mara uso wa mtu umetokea. Basi. Mstari haujapakwa wala kulainishwa, na kabla mtu hajafungua mdomo umeshajua kwamba hawa si wa kuaminiwa. Kwenye Yes, Prime Minister alichora upya, na kila kipindi kikapewa picha yake ya jina. Kwa kipimo changu cha makali, hapa kalamu imefika nzima. Ila ni sekunde chache, usinunue diski kwa ajili ya utangulizi. Nunua kwa sababu ya Sir Humphrey.

Diski ya pili ndiyo iliyonifanya niwashe kamera.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini BBC walimpeleka Scarfe Los Angeles ajaribu mfumo mpya wa katuni za kutembea. Alichorudi nacho kiliitwa Long Drawn-Out Trip, kikaonyeshwa 1973: Marekani nzima inamiminika kwenye wino, na humo ndani yumo Mickey Mouse akiwa amelewa bangi. Mshikilie Mickey hapo, tutamrudia. Watu wa Pink Floyd, Roger Waters na Nick Mason, waliitazama, wakamtaka. Akawatengenezea picha za nyuma ya jukwaa, kisha mwaka 1979 ikaja albamu ya The Wall. Yale matofali meupe na yale maandishi ya kukwaruza ya jaladani ni mkono wake. Kisha maonyesho ya jukwaani, na mwisho filamu.

Filamu ina kama dakika 15 za uhuishaji wake. Fanya hesabu na mimi. Sinema inapita fremu 24 kwa sekunde. Hata ukibana matumizi, picha moja ikae fremu mbili, ni picha 12 kwa sekunde, 720 kwa dakika. Mara 15, ni picha 10,800. Kwa mkono. Nasema hivyo kwa vijana wanaoniandikia kwamba simu yao inachelewa kuchakata video.

Ngoja niwaonyeshe kipande kimoja. Hapa... subirini, imekwama. Diski hii ina mikwaruzo, na si ile ya Scarfe. Haya, imeondoka. Huyu hapa njiwa mweupe, anaruka taratibu, anga tulivu. Halafu anapasuka, na ndani yake anatoka tai mweusi wa chuma. Tai anashuka, makucha yanashika ardhi, anaing'oa kama mtu anayechana mkate, na damu inabaki pale palipong'olewa. Chini yake kuna viumbe uchi wanatambaa kwa miguu na mikono, vichwa vyao ni vinyago vya kujikinga na gesi. Kisha bendera ya Uingereza inabomoka, inabaki misalaba, damu inatiririka hadi kwenye mfereji.

Nimesimamisha kwenye hao wenye vinyago. Scarfe alikuwa mtoto wa miaka minne Wajerumani walipoanza kuipiga London mabomu mwaka 1940. Watoto wadogo wa Uingereza walipewa vinyago vyao vya gesi, vya mpira mwekundu na samawati ili wasiogope, na watu wakaviita Mickey Mouse. Sasa fikiria mtoto mwenye pumu anafungwa mpira usoni anaambiwa apumue. Mimi nikitazama viumbe hawa sioni ubunifu mtupu.

Halafu nyundo. Ngumi inakunjwa, inageuka nyundo, na nyundo zinapanga mstari zinaandamana. Alizichora kuwakejeli mafashisti, lakini miaka michache baadaye kundi la wabaguzi wa rangi huko Marekani lilizichukua likazifanya nembo yake. Picha ikishatoka mkononi haikuulizi ulikuwa na nia gani.

Kasoro? Zipo. Mpango wa kwanza ulikuwa Scarfe aongoze filamu pamoja na mpiga picha Michael Seresin, Alan Parker awe mtayarishaji. Haukufika mbali, Parker akashika usukani mwenyewe, na kati yake na Waters na Scarfe hakukuwa na amani. Inaonekana. Sehemu zenye waigizaji na sehemu zenye wino zinavutana, na kuna dakika ndefu za Bob Geldof, mwigizaji mkuu, amekaa mbele ya runinga ambazo nilizitumia kuchemsha chai. Kila wino unaporudi, nilirudi mbio.

Diski ya tatu, Hercules, 1997. Kumbukeni Mickey aliyelewa. Miaka kama ishirini baadaye, kampuni ya Mickey huyohuyo inamwita Scarfe awe mbunifu wa mwonekano wa filamu nzima! John Musker, mmoja wa waongozaji wawili, alikuwa shabiki wake wa siku nyingi. Na wazo lenyewe lina akili, kwa sababu mikunjo ya Scarfe inakaa vizuri na michoro ya vyungu vya kale vya Kigiriki. Angalia magoti na viwiko vya wahusika, utaona vile vizingo.

Lakini kazi ile ilipita kwa jeshi la wachoraji, na kila mmoja alilazimika kuchora mstari unaofanana na wa jirani yake. Mstari wa Scarfe haufanani hata na wa jana yake. Kwa hiyo umepigwa pasi. Hercules mwenyewe ni kijana mzuri wa Disney, kalamu ile simwoni nayo. Imejificha kwa wabaya: Hades, mungu wa kuzimu, na nywele zake za moto wa bluu, wale bibi watatu wanaopokezana jicho moja, na lile joka la Hydra, ambalo lilibidi litengenezwe kwa kompyuta ili vichwa vifike 30. Inafurahisha kwamba palipotumika mashine ndipo meno ya Scarfe yalipobaki.

Alama zangu, kwa makali tu: Yes Minister tisa juu ya kumi, The Wall kumi kwenye zile dakika 15, Hercules sita, na zote sita ni za Hades na wenzake.

Hercules wawekee watoto hata sasa hivi. The Wall subiri walale, wala usiseme "ni katuni tu", kuna damu na kuna maua mawili yanayofanya mambo ya watu wazima kabla moja halijamla mwenzake. Mimi natafuta nakala ya The Wall isiyokwama kwenye tai. Anayejua inapouzwa, aniandikie hapo chini, na aseme bei ya kweli.