Tairi linapungua upepo polepole: ulipie kazi gani hapa Malindi?

Pancha kubwa hukusimamisha papo hapo. Tairi linalopungua upepo kidogo kidogo unalijaza Ijumaa, Jumatatu limelala tena, nawe unazoea. Usizoee. Tairi lenye upepo mdogo hushika joto ubavuni, na kwenda Mombasa ni kilomita zipatazo 120 za lami yenye jua kali.

Kabla ya kulipia chochote, jua upepo unatokea wapi. Lijaze tairi mpaka kipimo cha kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kisha limwagie maji ya sabuni: usoni (pale panapokanyaga barabara), kwenye valvu, na pale linapokutana na rimu. Kwangu mimi, fundi mmoja aliona msumari mfupi usiofika hata ndani, akauchomoa, akatoboa tairi zima na kutia kamba, yaani ule uzi mnene wa kuziba tundu kutoka nje. Upepo ukaendelea kupungua. Nyumbani nilipaka mate kwenye mdomo wa valvu: povu likavimba, likapasuka, likavimba tena. Kumbe ni kile kisindano cha ndani ya valvu tu, kitu cha bei ndogo kuliko vyote nitakavyotaja. Anzia hapo.

Kama tundu liko usoni mwa tairi, chaguo langu la kwanza ni kiraka cha ndani chenye mguu, kile chenye umbo la uyoga. Tairi hutolewa kwenye rimu, ndani hukwanguliwa na kupakwa solusheni, mguu ukavutwa kupitia tundu, kofia ikagandamizwa. Utalipa zaidi ya kamba, lakini ndiyo kazi inayomlazimu fundi kutazama ndani. Akikuta unga mweusi wa mpira, ubavu umeshasagika kwa kutembea bila upepo wa kutosha. Usiweke kiraka, badilisha tairi. Vivyo hivyo tundu likizidi milimita 6, au likiwa begani (pale uso unapokutana na ubavu) au ubavuni.

La pili, na kwetu watu wa bahari nalitilia uzito sana, ni kusafisha rimu. Gari linalolala karibu na ufuo, au linalopita kila siku Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, rimu yake ya chuma hushika kutu na ya alumini huota unga mweupe, upepo ukapita ukingoni. Hapo kiraka hakisaidii. Isuguliwe kwa burashi ya waya mpaka iwe laini, ipakwe gundi ya ukingo, ndipo tairi lirudishwe.

Kamba naiweka ya tatu. Ukipata pancha Kakoneni, njia ya lango la Sala la kuingilia mbuga ya Tsavo Mashariki, itakufikisha mjini bila kutoa tairi. Ukifika, tafuta kiraka cha ndani.

Dawa ya kumimina, ile ya majimaji inayotiwa ndani ya tairi ili izibe tundu, ni ya dharura tupu. Huchafua valvu, na fundi lazima aambiwe imo kabla hajafungua.

Mwisho kabisa ni kutia tyubu ndani ya tairi lisilohitaji tyubu. Wengi huuziwa hii kama tiba ya rimu mbovu. Tyubu husuguana na tairi na kuongeza joto, na ikitoboka upepo huisha kwa mara moja, nawe uko mwendo wa kasi juu ya daraja la Sabaki.

Kazi ikiisha, omba maji ya sabuni tena kabla hujatoa pesa. Kesho yake asubuhi, gari likiwa bado halijatembea, pima upepo na ulinganishe.